Je, Wajua? Ioni za mbio, redio ya foni na mawe ya Manono

JE, WAJUA kwamba mawimbi ya redio yaliyo jirani na yale ya foni yamewahi kuchemsha gesi ikawa na joto kuliko kitovu cha jua? Redio ya foni ya parokia au ya mwenye mtumbwi wa injini hapa Pweto huongea kwenye mawimbi mafupi, kati ya megahezi 3 na 30. Antena za JET, mashine kubwa ya muungano wa viini iliyokuwa Culham, Uingereza, zilirusha mawimbi ya megahezi 25 hadi 50 hivi. Kinachotofautisha ni nguvu: foni hutumia wati mia moja au zaidi kidogo, antena zile zilitumia mamilioni. Mawimbi yaliingia ndani ya pete ya chuma yenye gesi ya nyuzi zaidi ya milioni 100, wakati kitovu cha jua hakizidi sana milioni 15. Gesi ya namna hiyo, ambayo atomi zake zimevuliwa elektroni zikabaki ioni, huitwa plazima. Hakuna chombo kinachoweza kuigusa, kwa hiyo hushikiliwa kwa sumaku.

Je, wajua ioni ya mhimili hukimbia kiasi gani? Mhimili, yaani mkondo wa chembe unaorushwa ndani ya gesi, ndiyo njia ya pili ya kupasha, baada ya mawimbi. Ioni za deuteriamu, yaani haidrojeni nzito, hukimbizwa kwa umeme wa volti laki moja au zaidi kidogo, mwendo unaopita kilomita 3,000 kwa sekunde. Pweto hadi Lubumbashi, ambako lori la samaki likipitia Kilwa wakati wa mvua huenda likalala njiani, kwake ni kufumba na kufumbua tu. Lakini kabla ya kuingia kwenye pete ni lazima irudishiwe elektroni yake, kwa sababu ikibaki na chaji sumaku itaipindisha mlangoni. Ikishafika ndani huvuliwa tena.

Sasa ukitumia mhimili na mawimbi kwa pamoja, utadhani unajumlisha joto tu, kama kuongeza makala jikoni. Sivyo. Kila ioni huzunguka mstari wa sumaku kwa kasi yake, kulingana na uzito, chaji na nguvu ya sumaku mahali ilipo. Wimbi likilingana na mzunguko huo, ioni husukumwa kila inapopita. Shida ni kwamba ioni za aina moja zikiwa nyingi, zenyewe hulizima wimbi pale pale linapolingana nazo. Wingi wao ndio unaozinyima.

Njia ya kukwepa shida hiyo ilionyeshwa mwaka 2017 na kundi lililoongozwa na Yevgen Kazakov, wa maabara ya plazima katika chuo cha kifalme cha kijeshi huko Brussels. Unachanganya gesi mbili. Kati ya mahali pa kulingana pa gesi ya kwanza na pa ya pili, kuna sehemu nyembamba ambako wimbi huzunguka kwa nguvu upande ule ule wa ioni. Ioni ya aina ya tatu inayolingana na wimbi hapo hula nguvu karibu yote, hata ikiwa kidogo mno. Kwenye JET, na kwenye mashine ya Alcator C-Mod ya Marekani, ilikuwa heliamu-3 isiyofika asilimia 1. Kundi hilo lilisema pia kwamba huenda jua lenyewe hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa milipuko yake mingine hutupa heliamu-3 nyingi kupita kawaida.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha zaidi: aina hiyo ya tatu si lazima iwe gesi nyingine. Inaweza kuwa ioni za mhimili wenyewe. Honi ya pikipiki inayokujia hulia kwa sauti ya juu kuliko ikishakupita. Ioni inayokimbia nayo hulipokea wimbi likiwa limebadilika. Basi deuteriamu ya mhimili hulingana na wimbi kwenye ile sehemu nyembamba, ambako deuteriamu iliyotulia hailingani. Wenye mbio ndio wanaoongezewa mbio, mpaka nishati yao ikazidi mara kumi ile waliyoingia nayo.

Je, wajua faida yake? Ioni hizo za deuteriamu zikigonga heliamu-3 iliyomo kwenye mchanganyiko, huzaa chembe za alfa zenye nishati karibu sawa na zile zitakazopasha mitambo ya kesho. Wataalamu huzichunguza bila kutumia tritiamu, ambayo ina mnururisho na ni ghali.

JET ilifungwa Desemba 2023, baada ya kuvunja rekodi yake tarehe 3 Oktoba kwa megajuli 69 kutoka miligramu 0.2 za mafuta. Ni joto la kilo mbili na kitu za makala, na kupasha kwenyewe kulikula zaidi ya hapo.

Na Katanga inaingia wapi? Mto Luvua unatoka ziwa Moero hapa Pweto, unateremka hadi Lualaba kule Ankoro. Kwenye mto huo Wabelgiji walijenga kituo cha umeme cha Piana Mwanga miaka ya 1930, kwa ajili ya mgodi wa bati wa Manono. Miamba ile ile ya bati ina lithiamu nyingi sana, inayogombewa leo kwa vibali na kesi. Wanaoigombea wanafikiria betri. Lakini mtambo wa muungano wa viini nao utaihitaji, maana nyutroni ikigonga lithiamu-6 huzaa tritiamu, mafuta ya mtambo huo, ambayo karibu haipatikani ardhini na nusu yake huisha kila miaka 12 na kidogo. Katika lithiamu ya kuchimbwa, lithiamu-6 ni karibu asilimia 7.5 tu. Iliyobaki ni lithiamu-7, na betri hufanya kazi kwa yoyote kati ya hizo mbili.