Ukoko wa Utosini Haukwanguliwi

Mtoto akiletwa kliniki hapa Tanga na kofia ya sufu mwezi wa pili, saa nne asubuhi bati limeshashika moto, sihitaji kuambiwa kuna nini chini yake. Mama atavua kila kitu kwa ajili ya mizani, shati, nepi, mpaka uzi mweusi wa mkononi, ila kofia haigusi. Namwambia, "Na kofia mwanangu, tusije tukampima nayo." Hapo sauti inashuka. "Mama nesi, hicho ndicho nilichotaka kukuuliza."

Chini ya kofia kuna ukoko. Magamba mazito ya manjano, yenye mafutamafuta, yameganda kutoka utosini kuja karibu na paji la uso, mengine yameshikana na nywele. Kwa baadhi ya watoto yameshuka kwenye nyusi na nyuma ya masikio. Mwenye kichwa chake hana habari: ananyonya, analala, hajikuni, anacheka na feni. Anayekonda ni mama.

Watoto wetu huja kwa chanjo wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Ukoko huu nao huanza mara nyingi baada ya wiki ya tatu na kushamiri ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo sindano na ukoko vinakutana kwenye benchi langu. Mpaka mama afike kwangu ameshapewa maelezo mengi nyumbani. Mmoja kamwambia ni uchafu wa tumboni, mkunga hakumwogesha mtoto vizuri. Mwingine kamkataza samaki na mayai kwa sababu yanapita kwenye maziwa. Wapo wanaothubutu kusema mtoto amebemendwa, na hapo baba na mama wanaanza kuangaliana kwa jicho baya kwa ajili ya magamba tu. Hakuna lolote kati ya hayo lenye ukweli. Si uchafu, hauambukizi, na mama anayenyonyesha ale samaki wake kwa raha.

Wembe nao unabeba lawama zake. Kwa familia nyingi za Kiislamu huku pwani, nywele za kuzaliwa hunyolewa siku ya saba. Wiki mbili tatu baadaye ukoko unatokea, na kichwa hakina nywele za kuuficha, basi bibi anamtafuta aliyenyoa. Ukoko ungekuja hata kama mtoto angebaki na nywele zake, ila ungechelewa kuonekana.

Wataalamu wa ngozi wanataja mambo mawili. Mtoto anazaliwa akiwa bado na homoni zilizoamshwa wakati wa ujauzito, na homoni hizo huchochea tezi za mafuta za ngozi ya kichwa. Kwa miezi kadhaa tezi hizo hufanya kazi kupita kiasi, kisha hutulia mpaka balehe. La pili ni fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Malassezia, jina alilopewa kwa heshima ya Mfaransa Louis-Charles Malassez, aliyemchunguza kwenye magamba ya ngozi mwaka 1874. Fangasi huyu tunaye sote vichwani, wakubwa kwa wadogo, na ndiye anayehusishwa na mba wetu pia. Anaishi kwa kula mafuta. Akiyapata mengi, ngozi inakereka na kuanza kutengeneza seli mpya haraka kuliko kawaida, na seli zilizokufa badala ya kupukutika zinanasa kwenye mafuta na kugandamana. Kumbuka hilo la fangasi na mafuta, kwa sababu usugu mwingi ninaouona unaanzia hapo.

Mama mmoja wa Chumbageni aliniambia ukoko wa mwanawe umegoma kabisa. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nampaka mafuta asubuhi na jioni, mama. Siachi hata siku moja."

"Na kuosha?"

"Ijumaa."

Basi. Mafuta mapya juu ya magamba ya jana, magamba ya leo juu ya mafuta ya jana, wiki nzima. Mafuta kazi yake ni kulainisha, hayatibu. Yakishalainisha lazima yatoke pamoja na kile yalichokilainisha. Ukiyaacha, unaongeza tabaka, na yule fangasi unamwandalia chakula.

Kundi la pili la wenye ukoko sugu ni wakwanguaji. Kucha, kitana kikavu, kipande cha dodoki, nimeona hata ukingo wa kijiko. Sufuria yenye ukoko wa wali huwezi kuianza kwa chuma ikiwa kavukavu, unailoweka kwanza, na kichwa cha mtoto ndivyo kinavyotaka. Gamba likibanduliwa kwa nguvu linaondoka na ngozi changa, linaacha kidonda, na kidonda kikiingia bakteria sasa una ugonjwa ambao hukuwa nao.

Ninavyowaonyesha ni hivi. Kaa chini, kanga iliyokunjwa mapajani, mtoto alale kichwa kikielekea magotini. Chukua mafuta ya mgando, yale meupe ya kawaida yasiyo na manukato, au mafuta ya maji ya watoto. Paka kwa nyama za vidole, si kucha, ukizungusha polepole juu ya magamba. Muache anyonye robo saa mpaka dakika ishirini. Ukoko mnene unaweza kupakwa jioni na kuachwa mpaka asubuhi, kichwa kikiwa wazi. Kisha chukua brashi laini ya watoto, au mswaki mpya wa mtoto ulio laini kabisa, usugue taratibu. Kitakachonyanyuka, kinyanyuke. Kilichoshikilia, kiache mpaka kesho kutwa. Hapa ndipo akina mama wanaponiangusha, kwa sababu mtu akishaona gamba moja kubwa limetoka zima anapata hamu ya kumaliza kichwa chote siku hiyohiyo.

Halafu osha. Maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Shampuu ya watoto uitoe povu kiganjani kwanza ndipo uipake kichwani, na upake mara mbili, maana povu la kwanza linachukua mafuta tu. Suuza kuelekea nyuma, kiganja kimoja kikiwa kimekinga macho. Kausha kwa kugusagusa na taulo. Nywele zikiwa bado na unyevu, pitisha kitana chenye meno ya karibu, yatatoka magamba uliyodhani yamekwisha. Kichwa kikikauka na bado kinang'aa kwa mafuta, hujamaliza kuosha. Fanya hivyo kila siku au siku moja baada ya nyingine kwa wiki ya kwanza na ya pili, kisha mara mbili kwa wiki. Nywele chache zitatoka na magamba. Zitaota.

Kuhusu utosi, niseme wazi. Kina mama wengi wanaosha kichwa chote, wakifika utosini wanaruka, kwa sababu unapwita na wanaogopa kuutoboa. Matokeo yake ukoko mnene kuliko wote unakaa hapohapo. Chini ya ngozi ile kuna utando mgumu unaokinga ubongo mpaka mifupa ikutane, jambo ambalo kwa watoto wengi hukamilika kabla ya miezi 18. Vidole vyako na povu haviwezi kuudhuru. Uoshe kwa amani.

Mafuta ya nazi siyakatazi. Mtu wa Tanga akikataza nazi atapata wapi wasikilizaji? Yawe safi, ya kukamuliwa vizuri, si yaliyobaki kwenye kikaango, na yaoshwe. Mafuta ya zeituni yana heshima yake kwetu, wengine huyasomea kabla ya kuyapaka, lakini sehemu kubwa yake ni asidi ya oleiki, ambayo inadhoofisha kinga ya ngozi changa na kumlisha Malassezia. Nawaomba wayatumie kwingine. Mafuta ya habasoda yanaweza kuwasha ngozi ya mtoto. Mafuta ya taa, chumvi, dawa ya meno na sabuni kali za dawa, hapana, na hapo sina mjadala. Kofia ya sufu nayo ivuliwe, joto na jasho havimsaidii mtu.

Ukiyafanya haya kwa wiki tatu nne bila kuruka na ukoko haujapungua, sasa ndiyo tuuite sugu. Mtaalamu wa afya anaweza kuandika shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, ikae kichwani dakika tatu mpaka tano kisha isuuzwe yote, kwa wiki chache. Inampunguza fangasi. Kama ngozi imewaka na imevimba, huongezwa haidrokotizoni ya asilimia 1, kidogo sana, mara moja kwa siku, kwa siku zisizozidi wiki. Shampuu za mba za watu wazima zenye asidi ya salisiliki hazifai, kwa sababu mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na kinachopakwa juu kinaingia damuni kwa kiasi kikubwa kuliko kwako wewe.

Kwa sababu hiyohiyo nakuwa mkali kuhusu zile tyubu za mchanganyiko dukani, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali ndani ya krimu moja. Mara nyingi steroidi hiyo ni betamethasoni au klobetasoli, ileile inayotumiwa na wanaojichubua. Siku tatu za kwanza kichwa kinasafika kweli, na hapo ndipo mama anaponasa. Akiacha, ukoko unarudi. Akiendelea, ngozi inakonda mpaka mishipa inaonekana, na dawa inaweza kuvuruga homoni za mtoto. Soma kikaratasi cha ndani kabla hujafungua kifuniko. Ukiona majina hayo, rudisha.

Wala hakuna dawa ya siri ambayo matajiri wanaijua na wewe hujaipata. Wachambuzi wa Cochrane, wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima, walipoutazama ugonjwa huu mwaka 2019 walipata tafiti 6 tu zenye watoto 310 kwa jumla, na hawakuweza kusema ipi inashinda nyingine. Hata vitamini ya biotini, ambayo huuzwa kwa maneno mengi, haikuonyesha faida. Wakati huohuo, watoto walio wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Ndiyo maana kila anayepaka chochote kwa uvumilivu mwishowe hupata ushahidi kwamba dawa ya bibi yake inafanya kazi.

Lililonisumbua mimi zaidi ya ukoko wenyewe ni vile vitabu vya kujifunzia vilivyokuwa na picha za watoto weupe, ngozi imekuwa nyekundu. Kwa mtoto mweusi wekundu huo hauonekani vizuri. Unachokiona ni mabaka yaliyopauka, kichwani, usoni, kwenye mikunjo ya shingo na makwapa. Mama anadhani mafuta yameunguza, au mtoto anapata mbalanga. Ni ngozi iliyokerwa, na rangi hurudi ndani ya wiki kadhaa au miezi mara ukoko unapodhibitiwa. Usipake chochote cha kurudisha rangi.

Lakini si kila gamba ni ukoko. Mabaka ya duara yenye vinyweleo vilivyokatika ni mapunye, hayo ni nadra kwa mtoto mchanga, na yakiwepo yanahitaji dawa ya kumeza, krimu pekee haifiki kwenye shina la unywele. Mtoto anayejikuna, halali, mashavu yamekauka na kupasuka, huyo ana pumu ya ngozi na tiba yake ni tofauti. Magamba yanayotoa maji au usaha, yenye harufu, au mtoto mwenye homa, aje siku hiyohiyo. Magamba yenye vidoa vidogo vya zambarau visivyofifia ukivibonyeza, hasa yakigoma dawa zote, yanahitaji daktari wa ngozi, kwa sababu kuna ugonjwa adimu wa seli unaojificha kwa sura ya ukoko. Na magamba yanayosambaa mwili mzima kwa mtoto anayeharisha au asiyeongezeka uzito ni sababu ya kuangalia kinga yake, pamoja na VVU. Kama mama hajapima karibuni, tunapima bila kelele. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi huchukuliwa tone la damu la kisigino kuanzia wiki ya nne mpaka ya sita.

Rufaa haimaanishi lazima Muhimbili. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosomea huko wapo mikoani. Uliza hospitali ya mkoa mtaalamu wa ngozi ana kliniki siku gani. Nenda na kadi ya mtoto, nenda na kila tyubu na kila chupa uliyopaka, hata ile uliyopewa na jirani na huna hakika ni nini. Na asubuhi ya siku hiyo usimpake mafuta, daktari anataka kuyaona magamba yenyewe.