Michezo ya Jadi ya Waaborijini na Uhai Wake wa Leo

Michezo ya jadi ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia bara na Tasmania, haikuwa ya kupitisha wakati tu, kwa kuwa ndiyo iliyomfunza mtoto shabaha, wepesi wa mwili na tabia za viumbe wa nchi yake. Katika gorri, mchezaji mmoja huvingirisha kisahani cha gome la mti, nao wenzake waliojipanga pembeni hukilenga kwa vijiti mfano wa mikuki kinapowapita, hivi kwamba aliyezoea kukipata alikuwa amekwisha kuonja kazi ya kuwinda mnyama anayekimbia. Marngrook, uliochezwa katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Victoria, ulihitaji mpira wa ngozi ya oposumu, mnyama mdogo wa mitini, ambao ulipigwa juu kwa mguu na kugombewa hewani. Wanahistoria wangali wanabishana iwapo mchezo huo ulichangia kandanda ya Kiaustralia, ambayo kanuni zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, lakini hadhi ya marngrook haitegemei jibu lao.

Ukoloni uliwakusanya watu katika misheni na maeneo yaliyotengwa, ukazikandamiza lugha zao na kuwatenga watoto wengi na wazazi wao, hata urithishaji ukakatika mahali pengi. Ndiyo maana wafufuaji wa leo hulazimika kuegemea pia maandishi ya wageni, kama taarifa ya Walter Roth ya mwaka 1902 kuhusu michezo ya Queensland Kaskazini. Mwaka 2008 Tume ya Michezo ya Australia ilitoa Yulunga, mkusanyo wa Ken Edwards wenye michezo zaidi ya 100, ambao jina lake lina maana ya kucheza katika lugha ya Kamilaroi.

Mkusanyo huo ni hazina, ila mchezo uliovuliwa jina pamoja na wenyewe hubaki mazoezi ya viungo tu. Kolap, kwa mfano, ni mchezo wa kisiwa cha Mer, katika Mlango-bahari wa Torres, ambako wenyeji ni watu wenye utamaduni wao, tofauti na Waaborijini; humo mbegu za kolap hurushwa ziangukie mkekani, na anayezishika huku akizitaja kwa jina hilo hujifunza mmea, lugha na kisiwa kwa pamoja. Shule inayotaka kuifundisha michezo hii na ianze kwa kuomba ridhaa na mwongozo wa wazee wa jamii yenye mchezo.