Majina ya Fomu Zilizomo Ndani ya Kompyuta ya Tawi



Safari hii tunaeleza kazi moja ya ofisi ya tawi ambayo wengi wetu tunaikimbia kwa kuwa hufanywa kwa kompyuta. Kazi yenyewe ni kupata orodha ya majina ya faili zote zilizomo katika folda moja na kuiweka katika Excel, yaani lile daftari la kompyuta lenye mistari na safu, bila kuandika jina hata moja kwa mkono. Sisi tunaowaandikia tuliishia darasa la saba, na tumeiweza.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili linatuhusu. Mfanyakazi anapojiunga na chama hutia sahihi fomu ya kukubali akatwe ada katika mshahara wake. Fomu huenda kwa mwajiri, nakala hubaki tawini. Siku hizi matawi mengi huzipiga picha nakala hizo na kuzihifadhi katika kompyuta. Katika shamba moja la chai tulilokuwa tukilihudumia, karani wa mishahara alituletea orodha ya waliokatwa ada mwezi ule, nasi tukaona kwa macho kwamba ni fupi. Tulipomwambia meneja kwamba wanachama ni wengi kuliko hao, alijibu kwa upole tu, "Leteni majina." Hatukuwa nayo. Fomu zaidi ya mia tatu zilikuwamo katika kompyuta, lakini hakuna aliyeweza kusema ni za nani bila kuzifungua moja moja. Mkutano ukaahirishwa. Kabla ya mkutano wa pili wachumaji wawili wakasimamishwa kazi, na mwajiri akasema hao si wanachama, chama hakina haki ya kuwasemea. Fomu zao zilikuwamo. Tulizipata baada ya siku nne, wao wakiwa wamekwisha kurudi makwao.

Wenzetu wa Kenya wanalijua vizuri jambo hili. Huko sheria ya uhusiano kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga nacho, na tena aanze kukata ada katika siku 30 baada ya kupelekewa Fomu S zenye sahihi za wafanyakazi. Tawi lisilojua lina fomu ngapi, na za nani, litahesabiwa na mwajiri.

Basi njia ni hii. Fungua folda yenye fomu. Bonyeza Ctrl pamoja na herufi A, faili zote zitachaguliwa. Shikilia kitufe cha Shift, halafu bonyeza upande wa kulia wa kipanya juu ya faili mojawapo. Katika maneno yatakayotokea chagua "Copy as path". Nenda katika Excel, simama katika kisanduku cha A2, bonyeza Ctrl na V. Majina yote yatashuka, kila moja katika mstari wake. Tulipoliona jambo hili mara ya kwanza tulicheka, kwa maana katibu wetu alikuwa amekwisha kuandika majina sitini kwa mkono usiku kucha.

Kila jina litakuja na anwani ndefu ya folda mbele yake. Ili kuifuta, bonyeza Ctrl na H, andika anwani hiyo katika nafasi ya juu, acha ya chini tupu, kisha bonyeza "Replace All". Alama za kunukuu zikibaki, zifute kwa njia hiyo hiyo.

Kama Excel yenu ni ya mwaka 2019 au baada yake, ipo njia nyingine inayofaa zaidi kwa tawi linalopokea fomu kila wiki. Ingieni "Data", kisha "Get Data", "From File", "From Folder", mchague folda na kubonyeza "Load". Fomu mpya zikiongezwa katika folda, mtabonyeza "Refresh All" tu na orodha itajiongeza yenyewe. Njia hii huleta hata faili zilizomo katika folda ndogo za ndani, kwa hiyo msishangae idadi ikizidi.

Lakini orodha ya IMG_2041, IMG_2042 haimsaidii mtu. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na haina njia ya mkato. Kila faili ipewe jina linaloanza na namba ya kazi ya mfanyakazi, kwa tarakimu nne daima: 0045, si 45. Baada ya namba iandikwe tarehe ya sahihi, mwaka ukitangulia, kama 2023-05-14. Msitegemee tarehe ambayo kompyuta huiweka yenyewe. Hiyo ni ya siku faili ilipotengenezwa au kubadilishwa, wala haijui mtu alitia sahihi lini. Mwajiri mjanja atawashika hapo.

Majina yakiwa sawa, chukueni orodha ya mwajiri na kuweka namba za waliokatwa katika safu ya D. Katika B2 andikeni =LEFT(A2,4), nayo itatoa namba ya kazi. Katika C2 andikeni =COUNTIF(D:D,B2), kisha mzivute zote mbili mpaka mwisho wa orodha. Penye 0, huyo fomu yake mnayo lakini hakukatwa. Fanyeni na kinyume chake: anayekatwa ada ilhali fomu yake hamna, mtafuteni mumwulize. Pengine fomu imepotea tawini, pengine hakukubali kamwe kukatwa, na hapo sisi ndio tuna deni kwake. Aibu hiyo isifichwe.

Kabla ya kwenda mezani fungueni fomu za wale wenye 0 moja moja. Jina la faili halithibitishi sahihi. Tumewahi kukuta picha ya ukurasa mtupu.

Na kazi hii isifanywe katika kompyuta ya kampuni, hata karani akiwa rafiki yenu. Orodha ya wanachama ikisahauliwa humo, nyapara ataisoma kabla ya mwenyekiti wa tawi. Ichapeni nakala mbili, moja ya mkutano na moja ya kabati la tawi, pamoja na fomu za karatasi zilizopangwa kwa namba zile zile.