Bei ya Bunduki na Bei ya Hadithi Yake

Kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu mjini Guangzhou, bei ya kitu haifichiki kwa muda mrefu. Ukishuka metro kituo cha Xiaobei ukaingia jengo la Tianxiu, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika wamekuwa wakitafuta mzigo kwa miaka mingi, na ukatajiwa bei ya simu au nguo za watoto usiyoiafiki, unatoka na kuuliza duka la pili. Bidhaa ina wenzake maelfu, na hao wenzake ndio wanaokupa bei. Ndiyo maana mtu hodari wa Kariakoo au Eastleigh, anayejua kuteremsha bei ya kontena zima, hukwama mteja wa Muscat au Dar es Salaam anapomwandikia: nitafutie bunduki ya kale, yenye historia. Hapo hakuna duka la pili la kuuliza.

Jibu la kwanza kwa mteja huyo ni fupi: isitoke China. Sheria ya udhibiti wa bunduki ya nchi hiyo ilianza kutumika Oktoba 1, 1996, na haimwachii mtu binafsi nafasi ya kukusanya silaha kwa mapambo. Kipimo cha polisi wa huko ni nguvu ya kile kinachotoka mtutuni: ikifika joule 1.8 kwa sentimita moja ya mraba, hiyo ni bunduki, hata muuzaji akikuapia kuwa ni ya kuchezea. Mwaka 2016, katika mji wa Tianjin, mwanamke aliyekuwa na kibanda cha kulenga mapulizo alihukumiwa miaka mitatu na nusu jela kwa sababu ya bunduki zake za hewa. Rufaa ya Januari 2017 ilimpunguzia adhabu na kuahirisha kifungo, lakini hatia ilibaki. Kwa hiyo ukitajiwa bunduki ya "zama za Vita vya Kasumba" kwenye chumba cha nyuma cha duka, usianze kupatana. Ondoka.

Za kutazama zipo, na kuziona ni shule nzuri. Kusini tu mwa barabara hiyo kuna bustani ya Yuexiu, na ndani yake mnara wa Zhenhai uliojengwa mwaka 1380, ambao leo ni Makumbusho ya Guangzhou. Mizinga ya zamani imepangwa mbele yake. Kaskazini kidogo ni Sanyuanli, ambako Mei 1841, katika Vita hivyo vya Kasumba, wanakijiji waliwakabili wanajeshi wa Uingereza. Siku ile mvua kubwa ilinyesha. Kikosi cha askari wa Kihindi kutoka Madras kilizingirwa, na bunduki zao za gumegume, zinazowashwa na cheche za jiwe, zikagoma kwa kulowa. Waliokolewa na askari wa majini waliokuwa na bunduki mpya za fataki, ambazo mvua haikuzishinda kirahisi hivyo. Mtambo wa kuwashia baruti ndio jambo la kwanza mthamini analotazama, kwa kuwa hutoboa umri wa bunduki kabla hujasoma herufi hata moja. Ya mrao ilitangulia, ikafuata ya gumegume, ikaja ya fataki, kisha ya viasi, ile inayoshindiliwa nyuma badala ya mdomoni. Bunduki inayodaiwa kuwa ya vita vya mwaka 1800 huku ina mtambo wa fataki usio na dalili ya kubadilishwa, imejikana yenyewe.

Bunduki yenyewe basi ina bei yake, hata kama haina hadithi yoyote. Bei hiyo hutokana na aina, uzima, na kiasi gani cha vipande vyake ni vya asili. Kitako kilichobadilishwa hupunguza. Mtutu uliosuguliwa kwa msasa mpaka ukang'aa hupunguza zaidi, nami ningependa kila aliyerithi gobori alisikie hili: usiing'arishe. Kutu la zamani na alama za fundi ni ushahidi, na ukishaufuta haurudi.

Uhaba nao una neno lake, na hapa pwani yetu huwashangaza wengi. Gobori si kitu adimu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilikuwa masalia ya majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kupata silaha mpya. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuzuia biashara hiyo, lakini shehena zilizotangulia zilikuwa zimeshapanda bara. Neno TOWER na taji vilivyochorwa kwenye bamba la mtambo havikuhakikishii kuwa bunduki ilishikwa na askari wa Malkia, kwani viwanda vya Birmingham na Liège vilitengeneza bunduki za biashara kwa wingi, na alama hizo ziliwekwa kwa sababu wanunuzi walizipenda.

Kwa ndugu zetu wa Oman, ambako bunduki ya Kiingereza ya Martini-Henry yenye mapambo ya fedha bado hubebwa kwenye sherehe, hatari ni nyingine. Mafundi wa mpaka wa Afghanistan na Pakistani ya leo wameiiga bunduki hiyo kwa miongo mingi, na wengine wao hawakusoma herufi walizozichonga. Tazama herufi N iliyogeuzwa. Tazama pia mwaka: V.R. ni Malkia Victoria, na yeye alifariki Januari 1901. Bunduki yenye V.R. na mwaka 1907 haijatoka kiwanda cha serikali ya Uingereza.

Sasa hadithi. Aliyewahi kukaa mbele ya shehe anajua isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mwanzo, na kiungo kimoja kikikosekana hadithi huitwa dhaifu hata maneno yake yakiwa mazuri. Historia ya umiliki wa kitu cha kale hupimwa vivyo hivyo. (Waswahili wa Guangzhou wana mfano wa karibu. Msikiti wa Xianxian wanakoswali Ijumaa, pembeni mwa bustani ya Yuexiu, una kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa huko yanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, ilhali vitabu vya tarehe vya Kiarabu vinasema alizikwa Madina. Ziyara haiharibiki kwa tofauti hiyo. Mnada ungeharibika.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa bastola mbili zilizouzwa Paris. Zote ni Lefaucheux za milimita 7, aina ya kawaida kabisa kwa zama zake. Ya kwanza ndiyo mshairi Paul Verlaine aliyomjeruhi nayo mwenzake Arthur Rimbaud mjini Brussels, Julai 10, 1873. Verlaine aliinunua asubuhi ileile, polisi wakaikamata kama kielelezo, na namba yake, 14096, ikakutwa kwenye daftari la muuza silaha. Novemba 2016 nyumba ya mnada ya Christie's iliiuza kwa yuro 434,500. Ya pili inadaiwa kuwa ndiyo aliyojipiga nayo mchoraji Vincent van Gogh mwaka 1890. Mkulima aliiokota miaka ya 1960 kwenye shamba la Auvers-sur-Oise, imeliwa na kutu. Kipenyo chake kinaafikiana na risasi aliyoieleza daktari, kutu lake linaafikiana na miaka mingi ardhini, na makumbusho ya Van Gogh ya Amsterdam yaliwahi kuionyesha. Juni 2019 iliuzwa yuro 162,500.

Van Gogh anajulikana duniani kuliko Verlaine mara nyingi. Bastola yake ilitakiwa iwe ghali zaidi, lakini haikufika hata nusu. Hakuna mwenye kuapa kwamba ndiyo hiyo hasa; kilichopo ni kuafikiana kwa mambo. Ile ya Verlaine ina namba, daftari na jalada la polisi. Nikiulizwa hati ina thamani gani, huwaonyesha watu tofauti ya bei hizo mbili.

Ushahidi mkubwa kuliko wote huwa ni ule ulioandikwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kuuza. Bastola ya Colt ambayo sherifu wa Kimarekani Pat Garrett alimuua nayo mhalifu Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa na nyumba ya mnada ya Bonhams Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6. Sehemu ya nguvu yake ni kwamba mjane wa Garrett aliipigania mahakamani miaka ya 1930 na akashinda. Mahakama ilikwisha kuifanya kazi ya mthamini. Bunduki za safari za Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, nazo zina bahati hiyo. Alishuka Mombasa Aprili 1909, akaziandika kitabuni, akapigwa nazo picha. Holland & Holland yake iliuzwa dola 550,000 mwaka 1994, na Fox ya marisau aliyokuja nayo huku ikafika dola 862,500 mwaka 2010.

Kwetu hati za namna hiyo ni chache, na madai ni mengi. Nani hajasikia bunduki ya Tippu Tip? Misafara yake ilibeba bunduki kwa mamia, na yeye mwenyewe alifariki Zanzibar mwaka 1905. Kusema ilipita katika msafara wake ni jambo jepesi. Kusema aliishika yeye kunahitaji barua, picha au maandishi ya enzi zake yanayoitaja bunduki hii, si bunduki fulani. Vivyo hivyo Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe walimuua kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga mitatu. Mauser ya Kijerumani ikiokotwa Iringa huenda ni mojawapo. Lakini "huenda" hainunuliwi kwa bei ya "ndiyo", na Mauser za Wajerumani ziliendelea kuingia mkoa ule mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Linganisha na mizinga miwili ya shaba ya Beit al-Ajaib, Zanzibar: nembo ya Ureno na maandishi ya Kiajemi yanayohusishwa na kutekwa kwa Hormuz mwaka 1622 yako juu ya shaba yenyewe.

Nitoe hesabu, kwa namba za kubuni. Tuseme bunduki kama hii, bila hadithi, huuzwa mnadani dola 1,500. Tumia bei zilizolipwa kweli. Bei zinazotangazwa na wauzaji ni matumaini yao. Tuseme tena kwamba hadithi ikithibitika, mwenzake wa karibu alilipiwa 12,000. Tofauti ni 10,500. Ukizipima hati kwa uaminifu ukaona uwezekano wa hadithi kuwa kweli ni robo, hadithi ina thamani ya 2,625, na jumla ni 4,125. Hiyo bado si bei ya kutaja mnadani. Nyumba nyingi za mnada humtoza mnunuzi robo au zaidi juu ya bei ya nyundo; kwa robo, kikomo chako kinashuka hadi 3,300. Ondoa usafirishaji, bima, vibali na ada ya mtaalamu, utajikuta chini ya 3,000. Mimi hushuka zaidi kidogo, kwa sababu siku ya kuuza nitalazimika kumshawishi mtu mwingine mwenye wasiwasi kuliko mimi.

Muuzaji akikwambia hati "zitafuata baadaye", lipa 1,500 au acha.

Kuna hali ambayo hati nzuri hupunguza bei, na wanunuzi wapya huisahau. Historia ikionyesha kuwa kitu kilitolewa kwenye jumba, kaburi au makumbusho bila idhini, umenunua kesi. Ikionyesha kuwa ni urithi wa taifa, huenda usiweze kukihamisha: bastola mbili za Napoleon zilizouzwa Fontainebleau Julai 2024 kwa yuro milioni 1.69 zilitangazwa hazina ya taifa la Ufaransa na kuzuiwa kutoka nje. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 na kutaka kibali cha kuvitoa nchini. Sheria za silaha nazo hutofautiana kila nchi: Marekani huhesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, Uingereza hutazama Septemba 1939 pamoja na aina ya risasi. Cheti cha nchi moja hakikuvushi mpaka wa nyingine.

Wenye bunduki ya babu nyumbani wasingoje mnunuzi. Anzeni polisi kwa ajili ya kibali. Kisha pigeni picha namba na alama zote, mkae na wazee mkiwa na daftari, muandike nani aliipata, kwa nani, mwaka gani, na nani alishuhudia, tena muweke tarehe na sahihi. Maelezo ya mzee aliye hai, yaliyoandikwa kabla hakujatajwa fedha, mthamini huyapokea kwa heshima. Yakiandikwa wiki ya mnada, hatayaongezea hata shilingi.