Mtumishi hewa ananaswaje? Kazi ya mchambuzi wa data

Tuseme mwalimu wa Kiloleli, Simiyu, kastaafu, lakini mshahara bado unatoka kila mwezi. Huyo ndiye mtumishi hewa. Mchambuzi wa data za rasilimali watu humnasa kwa kulinganisha orodha ya mishahara na tarehe za kuzaliwa, vyeti na akaunti za benki.

Aprili 2017, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti. Vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani (NECTA), na watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi.

Ila kompyuta haimjui mtu. Jina likiwa Masanja huku na Massanja kule, mtumishi halali anaweza kukosa mshahara. Kabla ya kufuta jina, mchambuzi mzuri anapiga simu shuleni kwanza.