Mwili Hauzoei

"Sista, si mwili umeshaizoea figo? Mwaka wa tatu huu."

Kliniki naulizwa hivyo kuliko ninavyoulizwa habari za maumivu au gharama. Anayeuliza huwa amenawiri, amerudi kazini, na mashine ya kusafisha damu ameshaanza kuisahau. Mkononi ana mfuko wa dawa anazomeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, naye anataka nimruhusu kuziacha, au walau arushe siku mojamoja. Simruhusu. Mwili wake haujaizoea figo ya mtu mwingine. Unazuiwa tu, dozi kwa dozi, usifanye kile ulichoumbwa kufanya.

Nilianza uuguzi wa wagonjwa wa figo hapa Dar es Salaam enzi tulipokuwa tukiwasindikiza na barua za rufaa kwenda India. Novemba 2017 Muhimbili ikafanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nayo ikaanza. Kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo kabla daktari hajashika kisu, ukoo umeshakaa kikao. Katika vikao hivyo wengi huamini kwamba anayekupenda sana ndiye atakayekufaa. Kinga ya mwili haina habari na mapenzi. Inakagua protini.

Protini hizo huitwa HLA, na ya kwanza iligunduliwa na Mfaransa Jean Dausset mwaka 1958. Karibu kila seli ya mwili inazo kwenye utando wake wa nje, na kazi yake ni kuonyesha vipande vya vitu vilivyomo ndani, kama mwenye duka anavyoanika sampuli za bidhaa mlangoni. Chembe nyeupe za aina ya T hupita zikikagua. Seli iliyoingiliwa na kirusi huonyesha vipande vya kirusi, nayo huuawa. Figo ya dada yako haina kirusi wala ugonjwa, ila HLA zake zikiwa na umbo tofauti na zako, hilo linatosha kuamsha vita.

Vinasaba vya HLA tunavirithi kwa mafungu mawili, moja la baba na moja la mama. Kwa ndugu wa tumbo moja na baba mmoja, uwezekano wa kulingana mafungu yote ni robo, wa kulingana fungu moja ni nusu, na wa kutolingana kabisa ni robo. Nimeona kaka mkubwa akijitolea mbele ya wazee wote, kifua mbele, halafu majibu yakamruka yakamwangukia kitinda mimba ambaye hakuna hata aliyemuuliza.

Lakini kipimo ninachokiogopa ni kingine. Chembe nyeupe za mtoaji huchanganywa maabara na majimaji ya damu ya mgonjwa. Zikishambuliwa, basi mgonjwa ana kingamwili dhidi ya mtoaji huyo hata kabla hajapewa figo yake. Amezipata wapi? Pengine aliwahi kuongezewa damu, pengine aliwahi kupandikizwa, na kwa wanawake, pengine ni mimba. Mama akibeba mtoto, seli za mtoto zenye HLA za baba huingia katika damu yake, na mwili huweza kuziwekea kumbukumbu. Miaka ikapita, figo zake zikafa, mume akasema chukueni yangu. Kundi la damu ni lilelile, mume ni mzima kabisa, na kipimo kinakataa. Kumweleza mzee wa watu kwamba ni watoto aliozaa na mkewe ndio waliofunga mlango ni kazi ngumu. Wengine hudhani nawasingizia wake zao. Ila figo ikiwekwa kwa nguvu katika hali hiyo yaweza kufa palepale mezani, dakika chache baada ya mishipa kufunguliwa, damu ikiganda ndani yake.

Kumbukumbu hiyo ilithibitishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Peter Medawar, mwanasayansi Mwingereza aliyezaliwa Brazil, alitumwa Glasgow kwenye wodi ya majeruhi wa moto. Yeye na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walimbandika mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi ya kaka yake. Vikashika, kisha vikakataliwa. Wakabandika vingine vya kaka huyohuyo, navyo vikaharibika upesi zaidi. Ngozi isiyoshika tu isingekuwa na haraka zaidi mara ya pili. Mwili ulikuwa umemtambua kaka. Taarifa yao ilitoka mwaka 1943.

Basi ikabaki kutafuta mtu ambaye mwili wake hauna la kubishana na mwili wa mwenzake. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Joseph Murray alimpandikiza Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald. Kwanza walikuwa wamebadilishana vipande vya ngozi, vikashika, ikajulikana kweli ni pacha wa yai moja. Richard aliishi miaka minane mingine, bila dawa yoyote ya kutuliza kinga.

Sisi wengine hatuna pacha. Tuna dawa, na mbili maarufu zimechimbwa udongoni: siklosporini kutoka kuvu wa Norway, na takrolimasi kutoka bakteria wa Tsukuba, Japani, waliogunduliwa mwaka 1984. Zote mbili huzinyamazisha chembe T zisitoe amri ya kuzaliana. Shida ni kwamba hazichagui. Kinga ikipunguzwa kwa ajili ya figo, imepunguzwa pia kwa ajili ya nimonia. Louis Washkansky, mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwenzake, Cape Town, Desemba 1967, alikufa kwa nimonia baada ya siku 18, moyo mpya ukiwa bado unadunda vizuri.

Kwa hiyo kazi yangu ni kulinda kipimo cha dawa kisipande wala kisishuke. Balungi haliruhusiwi, wala juisi yake, maana huzuia utumbo kuivunja takrolimasi, dawa ikajaa kwenye damu ikaanza kuidhuru figo ileile. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huiharakisha itoke mwilini, na kinga ikaamka. Mitishamba sibishani nayo kwa dharau, namwambia tu mgonjwa kwamba sijui chupa ile ina nini, na figo nayo haijui. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, hivyo anayesafiri hutafutiwa barua ya daktari badala ya sindano. Ramadhani tunakaa na kila mmoja peke yake, kwa sababu kati ya futari na daku, na kati ya daku na futari, saa hazilingani.

Na kukataliwa kwa figo hakupigi kelele. Wengine hupata homa, au figo mpya, ambayo hukaa chini ya tumbo karibu na kinena, ikauma ukiigusa. Wengi hawasikii chochote. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, inapanda kidogo mwezi huu, kidogo mwezi ujao, na mwenye figo anakula pilau kwenye harusi ya shemeji.

Kuna namna moja ambayo mwili hujifunza kukubali. Mwaka 1953 Medawar na wenzake waliwadunga vijusi wa panya seli za panya wa ukoo mwingine, na walipokua wakapokea ngozi ya ukoo huo bila ugomvi. Mtu mzima ameshapitwa na umri huo, ila wapo wanaojaribu kuurudisha. Mwaka 2008 madaktari wa Boston walieleza habari za wagonjwa watano waliopewa figo pamoja na uboho wa mtoaji yuleyule. Wanne kati yao waliacha dawa, na figo zikaendelea kufanya kazi kwa miaka.

Nikisimulia hayo kliniki, kila mtu huuliza yatafika lini kwetu. Nawajibu waje Jumanne alfajiri kupima damu, na dozi ya asubuhi waje nayo mfukoni, wasiimeze mpaka nimetoa sindano.