Mahakimu Wasio na Mshahara

Katika Uingereza na Wales, kesi nyingi za jinai haziamuliwi na majaji waliosomea sheria, bali na raia wa kawaida: mwalimu, mwuguzi, fundi au mwenye duka. Desturi hii yatokana na sheria ya mwaka 1361. Mtu hujitolea mwenyewe bila mshahara. Halmashauri ya mahali humhoji na kuchunguza tabia yake kabla hajateuliwa na kufundishwa kazi. Askari polisi hakubaliwi, ili anayekamata asiwe ndiye anayehukumu. Kwa kawaida mahakimu watatu huketi pamoja. Mshauri huwaeleza sheria, lakini uamuzi ni wao. Kwa kuwa wanaweza kumfunga raia mwenzao gerezani, yapasa wachaguliwe kwa uangalifu mkubwa.